Sauti ya Kibibi

Alipokuwa na umri wa miaka tisa, Loise Chirau alijulikana Mombasa kuliko mbunge wake. Kila Alhamisi jioni watu walikaa mbele ya televisheni kutazama mchezo ulioitwa Ua wa Kibokoni, na katika mchezo ule yeye alikuwa Kibibi, yatima mwenye mdomo mwepesi aliyelelewa na nyanyake kwenye nyumba ya mawe. Sokoni Marikiti wauza matunda walimtilia machungwa mkobani bila ya kuombwa. Shuleni walimu walimwita Kibibi, kisha wakajisahihisha. Mamake, Naomi, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya pwani, alianza kuamkiwa na watu asiowajua.

Katika mwaka wa pili wa mchezo, mwandishi alitunga onyesho la nyanya kuugua. Kibibi angekaa kando ya kitanda amwimbie mpaka usingizi umchukue. Loise alifika siku hiyo ana mafua, lakini mafua hayakuwa tatizo. Hata akiwa mzima sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kama ya mtu mzima aliyetoka kulia. Mwelekezi, Bwana Ishaq, alimsikiliza mara tatu, akavua vidude vya masikioni, akasema, "Mtoto huyu mwacheni apumzike."

Siku ya pili aliletwa msichana mwingine, rika lake, amevaa sare ya shule ya Tudor na viatu vilivyombana. Alikuwa amekuja na shangazi yake. Bwana Ishaq alimsikia kanisani, kwenye kwaya ya watoto. Jina lake Mwikali. Alisimama mbele ya maikrofoni, akafumba macho, akaimba:

*Lala nyanya usilie, maji nimeyateleka,*
*uji wako nikutie, jua linapopunguka.*

Aliimba mara moja tu. Mafundi wa mitambo walitazamana. Loise, aliyeketi kwenye kigoda akinywa chai ya tangawizi, alihisi nywele za mikono zikimsimama, na alimpenda msichana yule papo hapo, kama watoto wapendavyo. Walicheza mdako uani kwa nusu saa. Kisha Mwikali akapelekwa kwao, na Loise akakaa kando ya kitanda cha nyanya wa uongo, akachezesha midomo.

Jina la Mwikali halikuandikwa popote. Bwana Ishaq alimwambia shangazi yake kuwa hiyo ni siri ya kazi, na kwamba atakayeitoa hataitwa tena. Njiani kurudi nyumbani, Naomi alimshika Loise mkono.

"Ukiulizwa kama ni wewe uliyeimba, usiseme ndiyo, wala usiseme la."

"Niseme nini?"

"Cheka."

Basi akacheka. Wimbo ule ulitoka kwenye televisheni ukaingia mitaani. Watu waliutia kwenye simu zao uwe mlio. Mama waliwaogesha watoto nao. Maharusi walitaka upigwe wakiingia ukumbini, ingawa haukuwa wimbo wa harusi. Na kila aliyemwona Loise alimwambia, "Mashaallah, Mungu amekupa sauti," naye akacheka, mpaka kicheko chenyewe kikawa sehemu ya umaarufu wake. Alipotimiza miaka kumi na miwili alikuwa amerefuka kumshinda nyanya wa mchezoni, na mchezo ukasimamishwa. Bwana Ishaq alifariki miaka michache baadaye. Mafundi wakatawanyika, na siri ikabaki kwa wasichana wawili na waliowalea.

Loise alimaliza shule, akapata kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na hapo, akisubiri makaratasi yagongwe mihuri, ndipo alipoanza kutunga nyimbo. Hakuwa amekusudia. Maneno yalimjia yakiwa na sauti tayari. Alitunga juu ya mwanamke anayefua mashuka ya wageni na kujua, kwa harufu, nani amelia na nani amelala peke yake. Alitunga juu ya mjomba wake aliyekufa akidai shamba la mikorosho lililokuwa la babake. Zilikuwa nyimbo za kwenda polepole, na sauti yake nzito ilizikaa vizuri.

Wa kwanza kuzisikia alikuwa Mzee Najmuddin, aliyekuwa na duka la kutengeneza redio na spika karibu na barabara ya Ndia Kuu. Nyuma ya duka alikuwa na chumba alichokitandika mablanketi ukutani, na humo alirekodi kaswida na matangazo ya biashara. Loise alikwenda kumpelekea redio ya mamake. Akisubiri, alikuwa akiimba chini kwa chini bila ya kujua. Mzee aliacha bisibisi.

"Wimbo wa nani huo, beta?" Ndivyo alivyowaita wanawe, na ndivyo alivyomwita yeye toka siku ile.

"Wangu."

"Rudia kutoka juu."

Mzee Najmuddin hakuwahi kutazama Ua wa Kibokoni. Nyumbani kwake mkewe, Khatijabai, hakutaka televisheni. Kwa Loise hilo lilikuwa kama kukutana na mtu wa nchi nyingine. Kwa miaka saba, Jumatano jioni, walirekodi pamoja, yeye akiimba, mzee akipiga kinanda kile cha kuvutwa kwa mkono, na Khatijabai akiteremsha birika la chai kutoka ghorofani. Nyimbo zikafika kumi na moja.

Nje ya chumba kile mambo yalikuwa mengine. Waliomwita kuimba walimwita kwa sababu alikuwa Kibibi. Angeimba wimbo wake mmoja, wageni wakiendelea kula na kuzungumza, kisha mtu angepiga kelele kutoka nyuma, "Lala Nyanya!" na ukumbi mzima ungegeuka. Hapo ilimbidi auimbe. Na kila alipouimba kwa sauti yake mwenyewe, aliona nyuso zikibadilika.

Jumapili moja aliimba kwenye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mbele ya watu waliokuja kupunga upepo. Alipomaliza, mwanamke mmoja muuza mihogo alimwita kando, akamkunjia mihogo ya moto gazetini, akamtilia pilipili na ndimu.

"Mwanangu, usinione mpekuzi. Walikufanya nini?"

"Nani, mama?"

"Sauti yako. Nilikuwa nikikusikiza ukiwa mdogo, nikilia. Sasa imekufa. Ni pombe, au walikuroga?"

Loise alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na minane na bado hakuwa na jibu jingine. Lakini safari hii kicheko kilimkwama, akala mihogo ya watu huku machozi yakimtoka, na mwanamke yule akadhani ni pilipili.

Mwaka uliofuata kikundi kimoja cha utamaduni kiliamua kuadhimisha miaka ishirini ya Ua wa Kibokoni. Msimamizi wake, kijana mchangamfu aitwaye Nicodemus, alimfuata mpaka dukani kwa Mzee Najmuddin. Walikuwa wamepata ruhusa ya kutumia uwanja wa ndani wa Ngome ya Yesu. Wangetundika skrini kubwa ukutani, waonyeshe kile kipande cha nyanya na wimbo, na Loise angesimama chini ya skrini aimbe pamoja na Kibibi.

"Mtu mzima na mtoto, sauti moja," alisema Nicodemus. "Watu watalia."

"Na nyimbo zangu?"

"Mmoja, mwishoni. Wakati ukiruhusu."

Alipoondoka, Mzee Najmuddin alimwuliza Loise mbona amekuwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Ndipo kwa mara ya kwanza akamwambia mtu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono kwa kitambaa ambacho tayari kilikuwa kichafu.

"Na huyo msichana," aliuliza, "yu hai?"

Loise hakujua. Katika miaka yote ile hakuwahi kuuliza.

Alianzia kanisani Tudor. Mzee wa kanisa aliikumbuka familia ile, akamwelekeza Makupa, kwenye duka la spea za malori. Akalikuta limebanwa kati ya fundi wa magurudumu na muuza turubai. Ndani, nyuma ya kaunta, chini ya mikanda ya injini iliyoning'inia kama nyoka waliokaushwa, mwanamke mwembamba alikuwa akiandika risiti. Aliinua macho. Hakushangaa.

"Nilijua utakuja siku moja," alisema Mwikali. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

Sauti yake ya kusema ilikuwa ya kawaida tu. Alimsogezea Loise kiti, akamhudumia dereva mmoja, kisha akaketi.

"Habari za siku nyingi," alisema Loise, na akaona aibu ya salamu hiyo.

"Ni miaka ishirini. Nzuri, si haba. Nina binti wa miaka sita. Wataka nini?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Wajua radhi ya nini?"

Loise hakujua yote. Mwikali alimweleza bila ya kupandisha sauti, akipanga risiti zake. Wimbo ulipoanza kuvuma, alimwambia rafiki yake aliyeketi naye dawati moja kwamba ile ni sauti yake. Alikuwa na miaka tisa, na furaha ilimshinda. Rafiki akawaambia wengine. Maneno yakamfikia mwalimu mkuu, naye akamwita shangazi. Shangazi aliogopa, kwa kuwa alikuwa ameonywa na bado akitumaini mtoto ataitwa tena. Akasema mtoto huyu huota ndoto na kuzisema kama kweli.

"Wakanisimamisha mbele ya shule nzima asubuhi. Nikaambiwa niseme, 'Mimi ni mwongo.' Nikasema. Toka siku hiyo sikuwa na jina jingine. Mwikali Mwongo, mpaka darasa la nane. Nikiimba kwenye kwaya, wanacheka. Nikaacha."

"Huimbi kabisa?"

"Kanisani nafungua mdomo ili watu wasiniulize. Hakitoki kitu." Alimtazama usoni. "Nikilala na binti yangu, aniomba Lala Nyanya. Namwekea kwenye simu. Hajui."

Lori lilipita nje, na vipuri vikatikisika ukutani. Loise alimwambia habari za sherehe ya Ngome, na kwamba anataka kumpandisha jukwaani, watu wamjue, wamshangilie. Mwikali alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Sitaki kushangiliwa. Na sitaki radhi ya dukani, mimi na wewe na bolti hizi. Waliniita mwongo mbele ya watu. Wewe sema mbele ya watu. Taja jina langu, basi. Usiniite jukwaani, usiseme naishi wapi."

"Nitasema."

"Tutaona," alisema Mwikali, akainuka kumhudumia mteja.

Naomi alipoambiwa, alikuwa ameketi kitandani akijipaka dawa ya magoti. Aliendelea kupaka kwa muda mrefu.

"Ishaq amekufa," alisema mwishowe. "Mchezo umekufa. Nani aliyekuuliza?"

"Yeye ameniuliza."

"Na mimi je? Ukisimama pale useme wimbo haukuwa wako, watu watauliza mtoto wa miaka tisa nani alimfundisha. Utanivua nguo hadharani, Loise. Mimi, niliyesimama juu ya maji ya sabuni miaka thelathini ili wewe uwe mtu."

"Walimsimamisha mbele ya shule, mama. Mtoto kama mimi."

"Sikujua."

"Mimi pia sikujua. Hatukutaka kujua."

Naomi alifunika kopo la dawa. "Basi nenda. Mimi sitakuwapo." Na siku tatu zilizobaki hawakuzungumza ila juu ya chakula.

Sherehe ilikuwa Jumamosi alasiri. Viti vya plastiki vilipangwa uani mwa Ngome mpaka kwenye mizinga, na bado watu walisimama. Walikuja wazee, walikuja watu wa rika la Loise na watoto wao, wengine wamevaa fulana zenye picha ya Kibibi. Mzee Najmuddin aliketi mstari wa mbele na kofia yake ya dhahabu na nyeupe. Loise aliangaza macho kumtafuta Mwikali, hakumwona.

Jua lilipokuwa nyuma ya ukuta wa magharibi, picha ikawashwa. Kibibi akaketi kando ya kitanda. Sauti ile ikatoka kwenye spika, safi, nyembamba, bila ya kovu lolote, na uwanja wote ukaanza kuimba nayo. Nicodemus alimwashiria Loise aanze. Loise alisimama, maikrofoni mkononi, midomo ameifunga. Wimbo ulikwisha. Watu walipiga makofi, kisha wakasita, wakisubiri.

"Sikuimba," alisema Loise, "kwa sababu hata siku ile sikuimba. Yule mtoto mnayemwona ni mimi. Sauti si yangu. Iliimbwa na msichana aitwaye Mwikali. Alipowaambia watu kuwa ni yeye, aliitwa mwongo na akaadhibiwa. Hakuwa mwongo. Mwongo ni mimi."

Kwanza watu walicheka. Walidhani ni sehemu ya onyesho, Kibibi na utundu wake. Loise akarudia, jina la Mwikali na yote, na kicheko kikafa kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha mwanamke mmoja, mtu mzima, akasimama na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya kuumizwa hasa, si ya hasira, "Kwa nini umetufanyia hivi? Mwanangu nilimzika na wimbo huu."

Nicodemus alifika mbio kumpokonya Loise maikrofoni, akisema dada amezidiwa na hisia, tumpigieni makofi. Hakuna aliyepiga.

"Wimbo wangu," Loise alimwambia. "Uliniahidi mmoja."

"Sasa hivi? Una wazimu?"

Akaimba bila ya maikrofoni. Ulikuwa mpya, wa kumi na mbili, aliutunga baada ya kutoka Makupa:

*Nilivaa nguo yako, watu wakanisifia,*
*wewe ukabaki huko, baridi yakuingia.*

Viti vilikwaruza mawe. Watu walikuwa wakiondoka, wengine wakimrekodi kwa simu huku wakirudi nyuma. Alipofika ubeti wa mwisho walikuwa wamebaki labda watu thelathini, na sauti yake haikuwafikia wote. Mzee Najmuddin alibaki ameketi, kofia mapajani, kichwa ameinamisha.

Video ilienea kabla ya Jumatatu. Walimwita mwizi wa sauti. Waliotazama mchezo wakiwa watoto walimwandikia kwamba amewaibia utoto wao. Harusi alizokuwa ameahidiwa ziliahirishwa, kisha hazikutajwa tena. Kikundi cha Nicodemus kilitoa taarifa ya kujitenga naye. Hayo Loise alikuwa ameyategemea, na ingawa yaliuma, aliyavumilia kama mtu anavyovumilia sindano aliyoiendea mwenyewe.

Asiyoyategemea ni yaliyompata Mwikali. Loise hakutaja anakoishi, lakini jina lilitosha. Wiki ya pili watu wa habari na watu wa mitandao walikuwa wamelijua duka. Walimwekea simu usoni juu ya kaunta. "Imba kidogo tu, dada, tuhakikishe." Mwikali alikataa. Siku ya tatu alijaribu, ili waondoke. Ilitoka sauti kavu, iliyopasuka, ya mtu ambaye hajaimba kwa miaka ishirini, na hiyo nayo ikaenea. Wengi waliandika kwamba wote wawili ni waongo. Wateja hawakuweza kupita mlangoni, na mwenye duka akamwomba akae nyumbani mpaka mambo yatulie. Yalipotulia, palikuwa na mtu mwingine kwenye kaunta.

Loise alimpata kwake Tudor, akianua nguo. Mwikali hakumkaribisha ndani, lakini hakumfukuza.

"Ulisema kama ulivyoahidi," alisema. "Sikulaumu. Ningekuwa na akili ningejua kwamba watataka kusikia."

"Nifanye nini?"

"Hakuna. Yule rafiki yangu wa dawati alikuja. Ni muuguzi siku hizi. Alilia hapo uliposimama. Nikamwambia nimesamehe, na labda ni kweli. Mwalimu mkuu hakuja." Alikunja gauni dogo la bintiye, akalilaza juu ya mengine. "Mtoto ameniuliza kama yule wa kwenye simu ni mimi. Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Basi imba.' Nikashindwa, Loise. Sasa hataki tena wimbo wenyewe."

Jirani aliwasalimu, wakaitikia.

"Usije tena," alisema Mwikali, kwa upole. "Nikikuona naona mambo yote. Si kwa chuki."

Naomi alikuwa amekwisha hamia Rabai kwa dadake. Aliondoka na sanduku moja siku ya Jumatano, Loise akiwa kazini, akaacha ufunguo kwa jirani na sufuria ya wali mezani. Hupiga simu Jumapili, huuliza kama mvua imefika kisiwani, kama paa linavuja. Hajawahi kuitaja Ngome. Mara moja tu, simu ikiwa karibu kukatwa, alisema, "Yule mtoto wa Tudor, alikuwa na viatu vinavyombana. Nililiona hilo." Kisha akaaga.

Loise bado yuko bandarini, kwenye makaratasi na mihuri. Nyimbo zake kumi na mbili zimewekwa mahali watu wanapoweza kuzisikiza, na watu mia tatu hivi wamezisikiza. Baadhi wameandika matusi. Wachache wameandika kwamba wimbo wa mashuka umewakumbusha mama zao. Hakuna tena anayemwita kuimba, na hakuna anayempigia kelele aimbe Lala Nyanya. Kimya hicho alikitamani miaka mingi. Sasa anacho, na hukiona kikubwa kuliko alivyodhani.

Jumatano huenda Ndia Kuu. Juma lililopita walikuwa wakirekodi wimbo wa kumi na tatu, juu ya mama aliyesimama Ngome na mtoto mgongoni, naye Loise alikuwa ameshindwa ubeti wa pili mara tatu, mahali pale pale. Khatijabai alileta chai, akaondoka bila ya kusema. Mzee Najmuddin alirudisha utepe mwanzo.

"Tuache, mzee?"

"Wewe waonaje?"

Loise alikunywa chai, akafuta uso, akasogelea maikrofoni. Nje, kijia chote kilikuwa kikifunga maduka. Aliimba ubeti ule kwa sauti yake nzito mpaka mwisho. Haukuwa mzuri sana. Mzee aliandika tarehe kwenye karatasi, akazima mashine, na Loise akaenda nyumbani kabla ya mvua.